Watu 516: Mjadala wa Staji ya Historia Makiso

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 inaitaja Kisangani mara nyingi. Mahali pamoja inaeleza Vita vya Siku Sita, vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji kwa silaha nzito. Mabomu yaliangukia nyumba za watu, shule, hospitali na hata Kanisa Kuu la Notre-Dame lililoko komini ya Makiso, ukingoni mwa mto. Raia waliouawa, ripoti inasema, ni kati ya 244 na 760, kutegemea chanzo. Toa hesabu: tofauti ni watu 516. Ni wepi hao? Waliitwa nani, walikaa karteye gani, wamezikwa wapi?

Nauliza hayo kwa sababu mjadala unaofuata, ukiutazama juujuu, unaweza kuonekana kama shauri la makarani wa chuo: je, mwanafunzi wa historia apewe krediti kwa kufanya staji, yaani mafunzo kwa vitendo? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora. Lisansi ya miaka mitatu ina krediti 180, na krediti moja huhesabiwa saa 25 hivi za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje yake. Zamani tulihesabu saa za mwalimu ubaoni. Sasa jasho la mwanafunzi nalo linaingia kwenye hesabu. Staji ya krediti 6 ni saa 150, yaani siku 25 za saa sita kila siku. Mwezi mzima wa kazi. Kazi gani, ya nani, na ikishaisha inabaki wapi?

Sauti hizi nimezipanga mwenyewe, kutokana na hoja zinazozunguka kila panapozungumzwa historia ya mji huu. Profesa ni mzee wa kitivo aliyefundisha tangu enzi za UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire. Asistenti ni kijana anayeandaa doktora yake. Mwanafunzi yuko mwaka wa tatu na anatoka Mangobo. Mama ni mkazi wa komini ya Tshopo, alifiwa Juni 2000. Papa ni mtunza rejista katika ofisi ya serikali.

PROFESA: Nianze na ninachokiogopa. Mwanafunzi anakwenda ofisini, anapewa kiti, anatumwa kununua uniti za simu za shefu, mwisho wa mwezi anapigiwa muhuri. Anarudi na ripoti aliyonakili kwa mwenzake wa mwaka jana, jina la juu tu ndilo limebadilika. Hapo mnataka nimpe krediti sita, sawa na kozi nzima? Mwanahistoria hufundwa kwa kusoma. Asiyejua kwamba Februari 1887 Tippu Tip alitia saini mkataba wa kuwa gavana wa Stanley Falls, hapa kwetu, kwa niaba ya Leopold wa Pili, ataokota barua ya mwaka 1890 asijue ameshika nini mkononi.

ASISTENTI: Profesa, kusoma hakuna anayekukataza. Lakini tazama tunachosomeshwa kuhusu mji wetu. Stanley alipita mwaka 1883 akaacha kituo. Conrad alifika 1890 kwa meli, akarudi akiumwa. Wote ni wapita njia. Tippu Tip mwenyewe, kwa mabaya yake yote, alikaa akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yamebaki. Wenyeji waliowapokea hao wote, wavuvi wa Wagenia, wanawake wa sokoni, makarani wa posta ambako Lumumba alifanya kazi, maneno yao yako wapi? Kitabu cha kuwasoma hakijaandikwa. Lazima mtu atoke akatafute.

PROFESA: Atoke mtafiti. Benoît Verhaegen, aliyewahi kuwa hapa na kituo cha CRIDE, alitoka, ndiyo. Juzuu zake mbili juu ya maasi ya Kongo, za 1966 na 1969, alizijaza nyaraka na ushuhuda wa watu waliokuwa bado hai, na mwaka 1975 akasimamia kitabu cha miaka mia moja ya Kisangani. Lakini huyo alikuwa mtu mzima aliyekomaa katika kazi, si kijana wa miaka ishirini na mmoja.

ASISTENTI: Basi tuwataje vijana. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda wilayani kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wasimamizi wao, John Iliffe na Gilbert Gwassa miongoni mwao, walikusanya kazi hizo. Wazee wale leo hawapo hata mmoja. Maandishi ya wanafunzi yapo, na anayeandika juu ya Maji Maji hawezi kuyaruka.

Hapa nasimama na Asistenti, na sababu yangu ni jinsi kazi ile ilivyopangwa. Vijana wale hawakupewa kiti ofisini. Walijua wanatafuta nini, walizungumza lugha za waliowahoji, na walichokileta kilikusanywa mahali pamoja ambapo mtu mwingine angeweza kukisoma, kukipima na kukipinga. Profesa anapohofia muhuri mtupu yuko sahihi kabisa. Lakini muhuri mtupu unaota pale ambapo chuo kinahesabu siku za kuhudhuria. Kikidai kitu cha kushikika, tuseme orodha ya majina yote ya kitabu kimoja cha rejista, au mahojiano kumi yaliyoandikwa neno kwa neno, ripoti ya kunakili haina pa kupita. Majina ya rejista ya mwaka jana hayafanani na ya mwaka huu.

PROFESA: Kunakili majina! Hiyo ni kazi ya karani. Elimu iko wapi hapo?

ASISTENTI: Teremka mto kilomita mia hivi mpaka Yangambi. Pale, kuanzia 1937 hadi 1958, wafanyakazi wa kituo cha kilimo walipita msituni wiki kwa wiki wakiangalia miti, wakiandika kwa mkono ni upi umetoa maua, upi umezaa, upi umepukutisha majani. Daftari hizo zilikaa miongo. Halafu zikapigwa picha, zikawekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakazinakili mstari kwa mstari. Leo wanasayansi wanazitumia kujua msitu wa Kongo unavyoitikia hali ya hewa. Kunakili huko Profesa atakuita ukarani? Aliyenakili amejifunza kusoma mwandiko, kutambua kosa, kuuliza kwa nini wiki fulani haina alama. Miti ya Yangambi tunaijua mmoja mmoja. Watu waliokufa Makiso, Tshopo na Mangobo mwezi Juni 2000 tunawahesabu kwa kukisia.

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito zaidi ya anavyofikiri Asistenti mwenyewe, na afadhali niieleze kirefu, kwa sababu imeshaigharimu nchi fedha. Kongo ilipoishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ilishinda mwaka 2005 kuhusu nani mkosaji. Ilipofika kwenye fidia, Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11 na ikataja vifo 180,000. Majaji wakauliza: majina yako wapi, vyeti viko wapi, nani alikufa wapi kwa mkono wa nani? Tarehe 9 Februari 2022 walitoa hukumu. Walikadiria vifo ambavyo Uganda inawajibika kuvilipia kuwa kati ya 10,000 na 15,000, wakatoa jumla ya dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Siwalaumu majaji. Hakimu hupima kilicholetwa mezani, na nchi ilikwenda mezani na ushahidi pungufu. Vita vyenyewe vilikuwa vimeharibu ofisi, vimewatawanya watu na kuwazika wengine bila cheti, kwa hiyo ushahidi mwingine haungepatikana kamwe. Lakini mwingine ungepatikana kama mji ungekuwa na watu wenye kazi ya kuutafuta mapema, wakati makaburi yangali na alama na majirani wangali wanakumbuka nani alilala nyumba ipi usiku ule.

Watu wa namna hiyo mji unao. Wanakaa kwenye madawati ya Chuo Kikuu cha Kisangani na ya chuo cha ualimu, ISP. Wanafunzi wa ISP wanafanya staji ya kufundisha katika shule za sekondari, na hakuna anayeuliza kama kusimama mbele ya darasa ni elimu. Sioni kwa nini kukaa mbele ya rejista ya vifo kuwe duni.

PAPA: Mnasema rejista kama vile ziko tayari zinawangoja. Njooni mwone. Mji huu mvua inanyesha karibu kila mwezi. Karatasi inalainika, wino unatanuka, mchwa anaingia kwa nyuma ya kabati bila kelele. Mkiniletea vijana wawili wenye mikono misafi na simu ya kupiga picha, nitawapa chai. Ila kuna jambo sijasikia mtu akilitaja. Tangu ile pesa ya Uganda ianze kulipwa, dola milioni 65 kwa mwaka kwa miaka mitano, na mfuko wa kugawa, Frivao, kuwekwa hapa Kisangani, jina ndani ya kitabu changu lina bei. Mtu anakuja na bahasha, anataka baba yake aandikwe alikufa Juni 2000, wakati alikufa 2003 kwa maradhi. Mimi nimekataa. Je, huyo kijana wenu wa staji, asiye na mshahara, mwenye njaa ya mchana, atakataa?

MWANAFUNZI: Papa, unanivunjia heshima kabla hujanijua.

PAPA: Sikuvunjii, mwanangu. Nakuonyesha mlango ambao watakujia.

MWANAFUNZI: Basi na mimi nioneshe wangu. Minervali, ada ya chuo, nimelipa, na staji ikiwa ndani ya programu, maana yake nimelipia nafasi ya kufanya kazi bure. Kutoka Mangobo mpaka Makiso ni pikipiki asubuhi na pikipiki jioni, siku ishirini na tano. Mama yangu anauza pondu na makaa. Nikimwambia natakiwa nauli ya mwezi mzima ili nikakae na karatasi za watu waliokufa, atanitazama tu. Wenzangu ambao baba zao wana gari watakwenda, watapata krediti na barua nzuri ya shefu. Mimi nitatafuta ofisi ya karteye yangu inipigie muhuri. Profesa anaogopa ripoti za kunakili. Ajue zinatoka wapi.

Sikutegemea hoja ya nauli ibebe mzigo mkubwa hivi, lakini inaubeba. Marekani wameligusa tatizo hili la kazi ya bure kwa upande wa sheria. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, katika kesi ya vijana waliofanya kazi bila malipo kwa kampuni ya Fox Searchlight, iliuliza nani hasa ananufaika, kijana au mwajiri. Wizara ya Kazi ikachukua kipimo hicho 2018. Moja ya mambo yanayoangaliwa ni kama kazi imefungamana na masomo, kwa mfano kwa krediti. Ni kipimo cha busara, ila kina ufa: krediti inaweza kutumika kuhalalisha kazi ya bure. Kisangani ufa huo ungekuwa mpana zaidi, kwa sababu ofisi nyingi hazina hata bajeti ya karatasi, na mwili wa kijana mwenye elimu unaoletwa bure kila mwezi ni kishawishi.

MAMA: Nimewasikiliza. Naomba sasa mnisikilize.

PROFESA: Karibu, Mama.

MAMA: Mtoto wangu wa pili alikufa siku ya tatu ya vita. Hatukuweza kutoka, tulimzika uani. Baadaye walikuja watu wa mashirika, wakaandika. Wakaja wengine, wakaandika. Wakaja wa fidia, wakaandika, wakataka picha ya kaburi. Kila anayekuja ananianzisha upya kutoka siku ya kwanza. Halafu anafunga daftari, anasema pole Mama, anaondoka nayo. Sijawahi kusoma hata mstari mmoja wa nilichosema. Sasa atakuja huyu binti. Nitamwuliza: wewe ni wa Frivao? Atasema hapana, mimi nafanya staji. Nitamwuliza: utapata nini? Atasema krediti. Na mimi?

PROFESA: Ndicho nilichokuwa nakihofia, ila Mama amekisema vizuri kuliko mimi. Kijana hajui kunyamaza mbele ya msiba. Hajui mahali pa kusimamisha swali. Hajui kwamba tumaini la pesa hubadilisha kumbukumbu, hata ya mtu mkweli. Atamfungua mtu kidonda, aondoke na ripoti.

MWANAFUNZI: Bibi yangu mwenyewe alifiwa vita vile. Mnafikiri hilo la kunyamaza nitafundishwa darasani?

MAMA: Binti yangu, sijasema usije. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara aliona mengi kuliko mimi. Amezikwa, na hakuna aliyemwuliza. Mkingoja mpaka mmalize masta zenu, mtakuja kuuliza majani.

Kati ya yote yaliyosemwa, hili la Mama ndilo lililonilazimisha kupanga upya nilichotaka kupendekeza. Nilikusudia kutenganisha: mwaka wa tatu wa lisansi wafanye rejista tu, ushuhuda uachiwe masta. Mpangilio huo ni salama kwa chuo na mbaya kwa mji. Aliyekuwa na miaka hamsini mwaka 2000 sasa amepita sabini na tano. Wanaokumbuka mji huu ulipoitwa Stanleyville, mwaka 1964, waasi wa Simba walipouteka Agosti na askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka tarehe 24 Novemba, ni wachache na wanazidi kupungua. Rejista ikihifadhiwa mahali pakavu inaweza kungoja miaka mitano. Mtu hangojeki.

Kwa hiyo nasema hivi, na nitalitetea mbele ya baraza lolote la kitivo. Staji ya historia iwe krediti 6, na isigawiwe kwa saa za kuhudhuria. Tatu ziwe za rejista: kitabu kimoja, cha ofisi ya serikali au cha parokia, kinapigwa picha, kinaorodheshwa, na nakala mbili zinabaki, moja kwa mwenye kitabu na moja kwa maktaba ya chuo. Misheni ya Saint-Gabriel ilianzishwa na Padri Grison mwaka 1897. Vitabu vya parokia za zamani namna hiyo peke yake vinatosha kuwapa kazi wanafunzi wa miaka mingi. Wanafunzi wafanye wawili wawili kwenye kitabu kimoja, kila mmoja aorodheshe peke yake kisha walinganishe. Hilo linajibu hofu ya Papa kwa sehemu: jina lililochomekwa litaonekana katika orodha moja na kukosekana katika nyingine, na picha iliyopigwa siku ya kwanza itaamua.

Tatu zinazobaki ziwe za ushuhuda, kwa anayetaka na aliyepita kozi ya mbinu za mahojiano, naye asiende peke yake. Mwalimu awepo kwenye kikao cha kwanza. Mahojiano yafanywe kwa Kiswahili au Lingala, kama anavyopenda mwenye habari, na yaandikwe kwa lugha hiyohiyo kabla ya kugeuzwa Kifaransa. Kabla ya swali la kwanza aambiwe wazi kwamba hapa hakuna fidia, hakuna orodha ya malipo. Baada ya wiki chache mwanafunzi arudi, amsomee alichoandika, asahihishe anachoambiwa asahihishe, na amwachie nakala. Bila ziara hiyo ya pili hakuna krediti hata moja.

PROFESA: Ziara ya pili naikubali. Hata mimi sikuwahi kuifanya kwa watu niliowahoji kwa ajili ya tasnifu yangu, na hakuna aliyeniuliza. Lakini nani atasoma orodha zote hizo? Nina wanafunzi wengi na asistenti mmoja.

ASISTENTI: Punguza idadi. Kumi kwa mwaka, wanaofanya kazi inayosomwa, kuliko mia moja wanaopigiwa mihuri.

PROFESA: Na wale tisini?

ASISTENTI: Wapewe semina kwa krediti hizohizo. Staji isiwe lazima kwa kila mtu.

MWANAFUNZI: Hapo tena mtachagua wenye magari.

Mwanafunzi asiachwe na swali hili bila jibu. Krediti 6 kati ya 60 za mwaka ni sehemu moja ya kumi ya kile anacholipia. Katika mwezi huo wa staji hakuna mhadhiri anayemfundisha darasani, hakuna chaki, hakuna ukumbi. Sehemu ya fedha hiyo irudi kwake kama nauli, ilipwe kila Jumatatu, na kiasi chake kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kitivo ili kila mtu akione. Kama kitivo hakiwezi kulipa nauli za wanafunzi kumi, kiwapokee watano. Na wachaguliwe kwa kupigiwa kura ya bahati miongoni mwa waliofaulu kozi ya mbinu, mbele ya wanafunzi wote.

PAPA: Mkishapatana juu ya nauli, leteni pia maboksi yenye vifuniko. Mvua za Septemba haziko mbali.